Isale la Kumi na Mbili

Ukipanda Masama kwa ile barabara ya vumbi inayopita kanisani, upande wa kushoto utaona kihamba cha Eliakim, shamba la migomba lenye nyumba yake ndani, na mbele yake mstari wa masale ambao kila mpita njia anausifu. Majani marefu, mabichi, yamesimama wima, yamepandwa kwa nafasi zilizopimwa. "Mama wa hapa anajua kupamba," watu husema. Kupamba! Jamani. Yale masale ni kumi na moja, na kila moja lina siku yake, na Aikaeli anaweza kukutajia siku hizo zote bila kukwama, akianzia ile aliyotemea jino ndani ya ndoo ya maziwa.

Huku mlimani isale si jani la kupamba tu. Mtu aliyekosa akikata isale, akalifunga fundo, akamwendea aliyemkosea akiwa pamoja na mzee wa ukoo, basi kesi imekwisha. Hukatai. Watu wamesameheana damu kwa isale, na anayelikataa ndiye anayeonekana mwenye roho mbaya. Likimpata baya lolote baadaye, wanasema amejitakia. Ni desturi nzuri, wala tusiidharau, imezuia watu wengi kuuana. Ila walioianzisha hawakumfikiria mtu kama Eliakim, aliyekuwa na masale tele nyuma ya nyumba na mkono usiochoka.

Tena tusimsingizie pombe, maana hakunywa. Mbege ilipozunguka kwenye sherehe yeye alishika soda yake. Alikuwa kiongozi wa wageni mlimani miaka ishirini na sita, na sebuleni kwake kulitundikwa cheti chenye fremu kwa sababu aliwahi kumbeba mgongoni mgeni aliyezidiwa, kutoka karibu na kileleni mpaka chini, bila kumwangusha. Kanisani aliimba besi. Mtu huyo huyo alirudi nyumbani, akakuta kiburu cha ndizi na maharage kimepoa, akavua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani taratibu isije ikavunjika, na hapo Aikaeli alijua kinachofuata. Saa aliihurumia, mke hakumhurumia.

Isale la kwanza lilikuja mwaka themanini na nane, ndoa ikiwa na mwaka mmoja na Aikaeli ana miaka ishirini na mitatu. Lililetwa na Eliakim akiwa na kaka yake, Aminieli, mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya upole kama anayembembeleza mgonjwa. "Shemeji," alisema, "mdogo wangu amekosa. Ameleta isale. Lipokee, tuishi." Aikaeli akapokea, shavu limevimba. Na kwa kuwa isale la msamaha halitupwi jalalani, alitoka nje akalichomeka ardhini na kijiti chake mbele ya nyumba. Baada ya mwezi likashika.

Basi ikawa ndiyo hiyo. La pili, mbavu. La nne, mimba ya miezi mitano iliyotoka, na mpaka leo Aikaeli akifika kwenye isale hilo hutoa magugu kwa vidole, hatumii jembe. La saba, maji ya moto mgongoni. Aminieli hakukosa kuja hata mara moja, na maneno yake hayakubadilika. Lilipoletwa la sita Aikaeli alijaribu kunyamaza, mikono kaifumbata mapajani. Aminieli akakaa kwenye kiti kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua linazama. "Shemeji, unataka ukoo uangamie?" Mtoto wao Denis wiki hiyo alikuwa na homa kali. Aikaeli akaogopa, akapokea.

La kumi na moja lilikuja mwaka elfu mbili ishirini na moja, naye ana miaka hamsini na sita, bibi wa wajukuu wawili. Kosa lake lilikuwa nyasi za ng'ombe. Alichelewa kupanda nazo kutoka shamba la chini, na Eliakim akamkuta njiani ndani ya kihamba na mzigo bado uko kichwani. Saa akaitundika kwenye tawi la mkahawa. Akang'oa mti wa kuegemezea mgomba, ule wenye panda mwishoni, akampiga nao mkono wa kulia. Aikaeli alisikia mlio wa mfupa kwanza, maumivu yakafuata baadaye. Mgomba uliokuwa umeegemezwa nao ukaanguka na mkungu wake mbichi, na Eliakim akaukasirikia mgomba pia.

Hospitalini Moshi alifungwa hogo, plasta ngumu ya mfupa, kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Siku ya tatu isale likaja mpaka kitandani, na Aminieli wake. Alilipokea kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyenung'unika, maana wa kulia ulikuwa umefungwa.

Sasa sikiliza jambo lilivyotokea, maana lilitokea hivi hivi, bila mpango. Nesi mmoja, Magreth, alimletea karatasi ya kutia saini, akaisahau kalamu yake ya bluu juu ya shuka. Aikaeli aliishia darasa la saba, na tangu hapo hakuwahi kushika kalamu ila kuandika jina kwenye daftari la kikundi cha akina mama. Akaichukua kwa kushoto. Akagusa lile hogo jeupe. Akavuta mstari mmoja wa jani la isale, kuanzia chini kwenda juu, na mkono ukajua pa kukunja na pa kuachia. Akavuta la pili. Mchana ulipokwisha masale yote kumi na moja yalikuwa yamesimama kwenye mkono wake, kila moja na kimo chake, na yule mwanamke akalia kwa furaha mpaka wa kitanda cha pili akadhani ameletewa habari ya msiba.

Hakujua kama ana kitu hicho. Miaka hamsini na sita ametembea nacho na hakujua! Habari ikaenea wodini. Bibi mmoja wa Old Moshi, aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi akiwa na miaka sabini na mitatu (alifuata nini huko juu, Mungu ndiye ajuaye), alitaka mparachichi wenyewe uchorwe kwenye hogo la mguu wake, "nipate kuutukana vizuri." Aikaeli akamchorea na tawi lililovunjika. Wodi nzima ikacheka, na bibi akacheka kuliko wote.

Alipofika nyumbani Eliakim aliyaangalia yale masale kwenye hogo. "Watoto wa hospitali wamekuchorea uchafu gani?" akauliza. "Wamenichorea," Aikaeli akajibu. Mkono wa kulia ulipona umepinda. Uliweza kubeba ndoo na kushika mpini, lakini vidole vyake havikusikia tena vizuri. Kazi ya kuchora ilibaki kwa wa kushoto, na Eliakim hakuuliza zaidi.

Banda la ng'ombe lilikuwa la matofali, limepakwa chokaa ndani, na Eliakim alikuwa haingii humo. Kukamua, kuzoa samadi, kulisha, hizo ni kazi za mwanamke, na mwanamume wa heshima yake hukaa nje akauliza maziwa yamepatikana kiasi gani. Kwa hiyo kuta tatu nyeupe zilikuwa za Aikaeli peke yake. Alichanganya masizi ya chungu na maziwa yakawa rangi nyeusi isiyotoka. Udongo wa kihamba ukatoa nyekundu. Brashi alijitengenezea: alikata jani kwenye isale la kwanza, akaiponda ncha kwa jiwe mpaka nyuzi zikatokea, akaichovya. Kila alfajiri, kabla ya kukamua, alichora.

Alichora siku zile kumi na moja. Mwanzoni watu wake walikuwa wabovu, vichwa vikubwa, miguu ya kuku. Alifuta kwa chokaa akarudia. Ng'ombe alimsimamia kama mfano, akajifunza kwake jinsi nyama inavyoshika mfupa. Lililomtesa zaidi lilikuwa bega la Eliakim. Mkono ukinyanyuliwa kupiga, bega huwa linafanya nini? Yeye siku hizo alikuwa amefumba macho. Picha ya nne aliirudia mara tano. Ikabidi amtazame mumewe mezani, akikata mkate, akivaa koti, akinyoosha mkono kuchukua chumvi, na Eliakim akajiona anapendwa uzeeni. "Unanitazama sana siku hizi, Mama Denis," alisema akitabasamu. Aikaeli akainama kuficha uso, akakimbilia bandani kabla bega halijamtoka kichwani.

Na alikuwa na furaha, tuseme wazi. Vipigo havikuisha, makofi na mateke ya hapa na pale ambayo Eliakim aliyaona madogo mno kukatiwa isale. Lakini aliamka kila siku akiwa na hamu ya kuamka, jambo ambalo hakulikumbuka tangu usichana. Mkono wa kushoto aliutunza. Hakuukatia kuni, hakuutia kwenye maji ya moto, na alipopigwa aliuingiza ndani ya kanga kiunoni na kumwachia mume vingine vyote.

Miaka miwili ikapita hivyo. Siku moja bwana mifugo, Wenseslaus, kijana wa Kibosho mwenye maneno mengi, alikuja kumpandisha ng'ombe kwa sindano. Aikaeli alikuwa amelundika nyasi mbele ya kuta zote, picha nyingine zikazibwa kabisa, na kwenye picha ya nne zikaficha nusu ya chini, mahali alipolala yeye na tumbo lake. Wenseslaus aliona nusu ya juu tu: mwanamume amenyanyua mti kwa mikono miwili. Akadhani anaegemeza mgomba. Mtu wa mlimani angedhani nini kingine? Alipotoka, huku ananawa mikono bombani, akamwona Eliakim amekaa barazani.

"Shikamoo mzee. Aisee, hongera sana! Mama ni fundi kumbe? Umetokea kabisa mle bandani, unaegemeza mgomba. Hasa bega, mzee. Bega ni lako kabisa."

"Bega gani?" Eliakim akauliza.

Aikaeli alikuwa mlangoni mwa banda na ndoo mkononi. Akamwona Wenseslaus anawasha pikipiki, anapunga mkono, anaondoka. Akamwona Eliakim anasimama, anavua saa, anaiweka juu ya kizingiti cha dirisha. Eliakim akaingia bandani kwa mara ya kwanza tangu lipakwe chokaa, akazivuta nyasi zikamwagika miguuni pa ng'ombe.

Alijiona mara kumi na moja. Alizunguka kuta zote tatu, pole pole, na mwanga wa mlangoni ulitosha. Kwenye kila picha palikuwa na watu wawili tu, na kila mahali saa ilikuwa pembeni, imewekwa vizuri. Alitoka, akarudi na sururu.

Pigo la kwanza likaangusha lipu ya picha ya kwanza, jino na ndoo na vyote. Ng'ombe akavuta kamba, akapiga mateke ubao. La pili likala mbavu. Vumbi la chokaa likajaa. "Acha, Baba Denis!" Aikaeli akapiga kelele, na hilo neno "acha" hakuwahi kumwambia tangu aolewe. Akajitupa mbele ya picha ya nne, ile ya mimba, akaikinga kwa mgongo. Eliakim akampiga kwa kiwiko usoni, pua ikafumuka damu. Akamshika nywele, akamburuta kwenye samadi, akarudi kwenye ukuta. Sururu ikaingia katikati ya picha, na bega lililomchukua Aikaeli miezi mitatu likadondoka zima zima, likavunjika sakafuni.

Akabomoa mpaka akachoka. Ana miaka sitini na minne, pumzi zilimwisha. Akaegemea mpini, jasho na chokaa vimemfanya mweupe, akamtazama mkewe.

"Nikibomoa utachora tena," akasema. "Leta huo mkono unaochorea."

Aikaeli alikuwa amepiga magoti kwenye samadi. Akaelewa kwamba hapo ndipo mwisho wake ulipo. Jino alilipoteza akaishi. Mbavu zilipona. Mtoto alimzika na bado anamlilia. Lakini mkono wa kushoto ukienda, atabaki mtu wa kupanda masale tu mpaka siku ya kuzikwa. Aliogopa kuliko siku zote. Na katika kuogopa huko akaona uso wa mumewe, akaona kwamba hajui. Miaka thelathini na sita wamekula meza moja, na mtu huyu hajui mkewe anachora kwa mkono gani.

Akautoa wa kulia.

Aliutoa mwenyewe, akaulaza juu ya ukingo wa hori la saruji, vidole vimenyooka, na ule wa kushoto akaufutika ndani ya kanga. Eliakim akageuza sururu, akapiga kwa kisogo chake. Vidole viwili vikapasuka. Akapiga tena. Aikaeli akalia mayowe mpaka Theodora, jirani yake, akaruka mfereji na panga mkononi. Mayowe yalikuwa ya kweli, maumivu yalikuwa ya kweli, lakini ndani ya kanga mkono wa kushoto ulikuwa umekunja ngumi, mzima, una joto.

Theodora alimwosha, akampeleka kufungwa vidole, akamwambia, "Twende polisi sasa hivi." Denis akapiga simu kutoka Dar: "Mama, ngoja kwanza wazee wakae." Aikaeli akamwambia Theodora angoje siku chache, kuna kazi moja imebaki.

Siku ya nne wakaja. Aminieli mbele, ameshika fimbo, ana miaka sabini na mmoja. Nyuma yake wazee wawili wa ukoo, na Eliakim akiwa amevaa koti la ibada na saa yake mkononi, ameshika isale la kumi na mbili. Wakakaa sebuleni, chini ya cheti. Ukuta ulikuwa mweupe, umepakwa rangi kwa ajili ya Krismasi. Aikaeli akaingia, mkono wa kulia umefungwa bandeji, kitu fulani kimetuna chini ya kanga yake. Akawaamkia wote, shikamoo, shikamooni, na wakaitikia.

"Shemeji," Aminieli akaanza kwa sauti ile ile, "mdogo wangu amekosa. Ameleta isale. Lipokee, tuishi."

"Nalipokea," Aikaeli akasema.

Akalichukua kwa mkono wa kushoto. Wazee wakashusha pumzi, mmoja akatafuta kofia yake. Ndipo Aikaeli alipofungua kanga, akatoa bakuli la masizi na jiwe. Akafungua lile fundo. Akalilaza jani juu ya meza akaiponda ncha yake, ko, ko, ko, mpaka nyuzi zikatokea. "Yesu wangu!" mzee mwenye kofia akasema. Isale la msamaha linapondwa! Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho, wala hakuna aliyejua kama ni dhambi. Aikaeli akakitoa cheti ukutani, akakiegemeza chini taratibu kisije kikavunjika. Akachovya jani.

Mkono wa kushoto ukapanda ukutani. Ulichora haraka, haukusita mahali. Hori likatokea, na mkono umelazwa juu yake, na mwanamume na sururu. Eliakim aliutazama ukuta, akautazama mkono, akautazama ule wenye bandeji, na midomo yake ikaachana.

"Ndiyo huu, Baba Denis," Aikaeli akasema bila kugeuka. "Ule ulikuwa wa kubebea ndoo."

Kisha akafanya ambalo hakulifanya kwenye zile picha kumi na moja. Nyuma ya mwanamume alichora watu wengine. Mmoja ana fimbo. Wawili wamekaa, mmoja kashika kofia. Yule mwenye fimbo amenyoosha mkono mbele, na mkononi ana isale, na isale linakaribia sururu kiasi kwamba hujui kipi kinapiga.

Aminieli akasimama. "Shemeji, huyu ni nani?"

"Ni wewe, shemeji."

"Mbona na mimi nimo? Mimi siku hiyo nilikuwa kwangu. Mimi sijawahi kukugusa!"

"Ulikuwepo," Aikaeli akasema. "Mara zote kumi na mbili ulikuwepo."

"Nifute."

"Masizi na maziwa hayafutiki. Labda ukuta uvunjwe, na mwenye kuvunja yupo hapo."

Eliakim tayari alikuwa ameinuka. Uso umemwiva, mishipa ya shingo imesimama, na kidole chake kilikuwa kwenye mkanda wa saa. Akaifungua, akaiweka mezani, pembeni ya jiwe, taratibu. Aikaeli akaisikia ikigusa ubao. Hakugeuka, lakini jani likasimama. Kisha akachora ukutani, kwenye kona, saa ndogo yenye mkanda.

Aminieli akaiona saa ya ukutani. Akageuka akaiona ya mezani. Mzee yule alibaki anazitazama zote mbili, na mara moja akazeeka mbele ya macho ya watu. Akainua fimbo yake, akamwekea mdogo wake kifuani, na sauti ya upole ikawa haipo tena.

"Vaa saa yako," akamwambia. "Kaa chini."

Eliakim akamtazama kaka yake kama haelewi lugha. Fimbo ikasukuma. Akaichukua saa, akaivaa, akakosa tundu la mkanda mara mbili, akakaa.

Nje Theodora alikuwa ameshafika getini, amevaa viatu vya kwendea mjini. Aikaeli akalichovya isale la kumi na mbili, lililokwisha kuchakaa na lisilofaa tena kupandwa popote. Akageuka kwa mara ya kwanza, akamtazama mumewe kwa jicho la mtu aliye kazini.

"Usijikunje, Baba Denis," akasema. "Bado bega."